Bimu za pwani ya Tanga: dhana potofu na ukweli

Dhana: Hewa ukaa ya saruji ni moshi wa tanuri tu.
Zaidi ya nusu hutoka kwenye jiwe lenyewe. Mawe ya chokaa, kama yale ya Pongwe, yakipikwa kuwa klinka, yaani punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji, huachia hewa hiyo hata ukibadilisha nishati ya tanuri. Dawa ni kupunguza klinka ndani ya zege, sehemu ya saruji ikipisha majivu ya pumba za mpunga.

Dhana: Majivu ya pumba ni majivu tu.
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Pumba za mpunga, kwa mfano za Mombo, zichomwe kwenye nyuzijoto 500 hadi 700. Majivu meusi yana kaboni inayokunywa maji. Yaliyopitiliza nyuzi 800 huanza kugeuka fuwele, hayashikani tena vizuri na chokaa ya saruji. Ya jikoni, ya kuni, weka shambani. Yakipoa, yasagwe yawe laini kama saruji, kisha yachukue nafasi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa saruji: kilo 5 hadi 7.5 katika kila kilo 50.

Maji yasizidi lita 25 kwa kilo 50 za saruji na majivu kwa pamoja, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Zege litakuwa zito. Tumia dawa ya kulainisha zege (plasticizer). Fundi akiongeza maji "lipite vizuri kwenye ringi", yaani vyuma vinavyozunguka nondo, faida yote imekwenda na ndoo hiyo. Mwagilia siku 14, acha mirunda chini ya bimu siku 28, na pima nguvu ya zege kwa kuvunja michemraba yake ya majaribio siku ya 7 na ya 28 kabla ya kuipa bimu mzigo. Kipimo cha siku ya 7 kikiwa chini kidogo usishtuke, zege hili hukomaa polepole.

Dhana: Mkonge utachukua nafasi ya nondo.
Hapana. Nyuzi za mkonge za sentimita 2 hadi 4, kilo 7 hivi kwa mita ya ujazo, huzuia nyufa za zege bichi. Ualkali wa saruji huzila taratibu, na ukizidisha hujiviringisha mabonge. Nondo za chini zibaki kama mhandisi alivyochora.

Dhana: Wazee walijenga kwa matumbawe, nasi tuyafanye kokoto.
Majumba ya kale ya Pangani yalijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Hayakuwa na chuma cha kushika kutu. Matumbawe na mchanga wa ufukweni hubeba chumvi. Nondo ikiota kutu huvimba na kupasua zege. Tumia mchanga wa mto, na zege la kufunika ringi liwe milimita 40 hadi 50.

Dhana: Bimu ya mbao lazima ioze.
Msaji (mtiki) wa shamba la miti la Longuza, ukiwa kiini kilichokauka, hudumu. Ncha zake zikae juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, na pembeni ziachiwe sentimita 2 za hewa. Ukizizungushia zege, zitaoza kuanzia humo ukutani.