Japani haikuigawia China hela za bure

Kuna hii stori haiishi, eti Japani iliimwagia China hela za bure kama fidia ya Vita ya Pili ya Dunia, Japani ilipoivamia China. Hapana jamani, fidia China yenyewe iliisamehe 1972. Msaada wa Japani ulianza 1979, kiongozi wa China Deng Xiaoping ndo anafungua uchumi, na sehemu kubwa mno, kama yeni trilioni 3.3 hivi, ilikuwa mkopo, riba ndogo na muda mrefu wa kulipa sawa, lakini unarudishwa. Tena mikopo ya mwanzo ilijenga reli na bandari kama Qinhuangdao, za kusafirishia makaa ya mawe ambayo Japani yenyewe ilikuwa inayataka (wajanja hao). Vya bure vilikuwepo, mfano Hospitali ya Urafiki wa China na Japani huko Beijing iliyofunguliwa 1984, ila vichache. Mikopo mipya ilikoma 2007, deni likaendelea kulipwa.