Moyo kushindwa kufanya kazi: figo zinazodanganyika, mizani ya asubuhi na dawa ambazo mgonjwa hazihisi

Kila ninapomweleza mgonjwa kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi inavyopaswa, naona uso wake na wa jamaa aliyemsindikiza ukibadilika, kwa maana maneno hayo husikika kama hukumu ya kifo. Mimi ni daktari wa magonjwa ya moyo, na jambo la kwanza ninalolazimika kulisahihisha ni hilo jina lenyewe. Moyo ulioshindwa haujasimama. Unapiga, lakini hausukumi damu ya kukidhi mahitaji ya mwili, au unaisukuma huku shinikizo ndani yake likipanda na kurudi nyuma hadi mapafuni.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, tunaangalia ni kiasi gani cha damu iliyojaa katika chumba kikuu cha kushoto hutoka kwa kila pigo. Moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu, ilhali uliolegea hutoa asilimia 40 au chini ya hapo. Wapo pia wagonjwa wengi ambao moyo wao hutoa asilimia 50 au zaidi na bado wanaishiwa pumzi, kwa sababu misuli yake imekakamaa na haitanuki vizuri kuipokea damu. Hao, hasa wazee wenye shinikizo la juu la damu, kisukari au unene, mara nyingi huambiwa kwamba moyo wao ni mzima, na kosa hilo hunisikitisha sana.

Visababishi ni vingi: shinikizo la damu lisilotibiwa, mishipa ya moyo iliyoziba, vali zilizoharibika, pombe nyingi. Mama aliye katika miezi ya mwisho ya ujauzito au aliyejifungua karibuni naye anaweza kupatwa, na kwa kuwa uchovu na miguu kuvimba huchukuliwa kuwa mambo ya kawaida ya uzazi, huchelewa kupimwa.

Kiini cha ugonjwa huu, hata hivyo, kiko nje ya moyo pia. Damu inayofika kwenye figo inapopungua, figo hazina njia ya kujua kwamba kasoro iko moyoni. Hujibu kana kwamba mtu amejeruhiwa na kupoteza damu nyingi, zikazuia chumvi na maji visitoke, huku homoni zikiibana mishipa na kuuharakisha moyo. Kwa majeruhi, kinga hiyo huokoa maisha. Kwa moyo dhaifu ni mzigo juu ya mzigo. Maji hayo huteremka miguuni mchana, ndiyo maana jioni vifundo huvimba na ngozi ikibonyezwa hubaki na shimo. Usiku mgonjwa akilala, maji hayo hurudi kwenye mzunguko wa damu na kulemea mapafu, naye hushtuka usingizini akitweta na kulazimika kuketi au kuongeza mito.

Anayelielewa hilo ataelewa pia matibabu. Dawa ya kutoa maji, kama furosemidi, wagonjwa huipenda kwa sababu huona matokeo yake siku hiyo hiyo. Nyingine hazileti nafuu ya kuhisiwa upesi, na ndizo zinazoachwa kwanza, ilhali ndizo zinazozima ile kinga iliyokosea njia. Mwaka 1987 enalaprili ilionyeshwa kupunguza vifo kwa wagonjwa walio mahututi zaidi, na mwaka 1999 ikathibitishwa vivyo hivyo kwa spironolaktoni na kwa dawa za kupunguza mapigo, ambazo zamani sisi madaktari tuliziogopa tukidhani zitaudhoofisha moyo zaidi. Tangu 2019 zimeongezeka baadhi ya dawa za kisukari ambazo huusaidia moyo hata kwa asiye na kisukari. Nyingi kati ya dawa hizi huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, huku damu ikipimwa kuangalia figo na madini ya potasiamu. Kwa hiyo, mgonjwa anaponiambia kwamba ameziacha kwa kuwa amepata nafuu, humwomba aitazame nafuu hiyo kama kazi ya dawa zenyewe.

Nyumbani, chombo ninachokithamini kuliko vyote ni mizani. Pima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, kisha uandike. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji wala si mafuta, na inafaa kumwarifu anayekutibu kabla pumzi haijaanza kukata. Punguza chumvi, ukikumbuka kwamba nyingi hujificha katika vyakula vya viwandani. Jihadhari pia na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hununuliwa bila kuandikiwa: hufanya figo zizuie chumvi na maji, na nimewapokea wagonjwa waliokuwa wametulia kwa miezi mingi wakirudi wamevimba baada ya kuzitumia siku chache tu kwa ajili ya goti. Lakini ukikosa pumzi hata umeketi, ukizimia, ukipata maumivu ya kifua au ukikohoa povu lenye rangi ya waridi, usisubiri mizani ya kesho; nenda hospitali saa hiyo hiyo.