Ng'ombe hazoei dawa

Ng'ombe akichomwa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kundi la tetrasaiklini, na nimonia isipone, husemwa mwili wake umeizoea dawa. Sivyo. Wenye usugu ni bakteria, na mara nyingi hawakuuzua wenyewe. Wameupokea kwa wenzao. Bakteria wa nimonia Pasteurella multocida aliyepatikana kwa ndama Marekani mwaka 2005 alibeba kipande cha DNA, ICEPmu1, chenye herufi kama 82,000 na jeni 12 za usugu. Kipande hujichomoa kwenye kromosomu, nakala yake huvuka hadi seli jirani iliyogusana nayo na kujipachika humo, hata ikiwa ya spishi nyingine kama Mannheimia haemolytica. Kwa hiyo kubahatisha dawa ni hatari kweli: jeni ya kustahimili tetrasaiklini ni mojawapo ya hizo 12, hivyo tetrasaiklini peke yake huwabakiza wabebaji wa zote. Chukua ute wa ndani ya pua kabla ya sindano ya kwanza, upimwe usugu.