Saratani ya matiti: kwa nini mkoa wenye wagonjwa wachache si lazima uwe salama

Kila Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya matiti, maswali huongezeka kwenye vikundi vya kina mama hapa Dodoma. Mengine ni yale yale ya kila mwaka kuhusu sidiria na simu. Safari hii tumeanza na swali la hesabu, kwa sababu ndilo linalopotosha watu wengi, wakiwemo baadhi ya viongozi.

Nimesoma kwamba kuna mikoa na nchi zenye wanawake wengi wanaopatikana na saratani ya matiti katika hatua za mwanzo kuliko sisi wa kanda ya kati. Ina maana huku tumeepushwa?

Hapana. Idadi ya wagonjwa wa hatua za mwanzo hutegemea mambo mawili kwa pamoja: ugonjwa wenyewe upo kiasi gani, na watu wanatafutwa kwa bidii gani. Ukitazama jedwali tu huwezi kuyatenganisha.

Tuchukue wilaya mbili za kufikirika, kila moja ina wanawake 100 wenye saratani ya matiti bila wenyewe kujua. Wilaya ya kwanza ina wauguzi waliofundishwa kupima matiti, utrasaundi inayofanya kazi, na njia ya kupeleka kinyama, yaani kipande kidogo kilichotolewa kwenye uvimbe, kikapimwe maabara. Inagundua wanawake 70, na 50 kati yao wako hatua za mwanzo. Wilaya ya pili inagundua 30, na 6 tu ndio wako mwanzoni. Wale 70 waliobaki hawamo kwenye daftari lolote. Wengine watakufa nyumbani na msibani itasemwa alikuwa na kidonda kisichopona, au alirogwa. Sasa weka wilaya hizo mbili kwenye ramani ya rangi: ya kwanza itaonekana ina ugonjwa mwingi, ya pili itaonekana nzima.

Kuna na jambo la anwani. Mama wa Mpwapwa anayekwenda kutibiwa Dar es Salaam na kuandikisha makazi ya binti yake anayemhifadhi Mbagala anaweza kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa Dar es Salaam. Kwa hiyo mkoa wenye hospitali kubwa unaongezewa, na mkoa aliotoka mgonjwa unapunguziwa.

Umri nao una uzito wake. Saratani hii huongezeka kadiri mwanamke anavyozeeka, kwa hiyo jamii yenye wazee wengi itakuwa na wagonjwa wengi hata kama hatari kwa kila umri ni ile ile. Wataalamu husawazisha umri kwanza kabla ya kulinganisha, yaani huhesabu kana kwamba jamii zote zina mgawanyo ule ule wa umri. Ukiona takwimu za mikoa ambazo hazikusawazishwa, zisome kwa tahadhari.

Hatua za mwanzo ni zipi hasa?

Hatua ya kwanza uvimbe hauzidi sentimita 2, sawa na punje ya zabibu ya hapa kwetu, na kwa kawaida haujaingia kwenye tezi za kwapa. Hatua ya pili uvimbe mara nyingi uko kati ya sentimita 2 na 5, au ni mdogo lakini umeshagusa tezi chache za kwapa. Hatua ya tatu umesambaa zaidi kwenye tezi, ngozi au ukuta wa kifua. Ya nne umefika mbali: mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Ipo pia inayoitwa hatua sifuri. Hapo seli zimebadilika lakini bado zimefungiwa ndani ya mirija ya maziwa. Hiyo huwezi kuipapasa kwa kidole mara nyingi, huonekana kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti. Ikumbuke, maana ndiyo inayovuruga hesabu za nchi tajiri.

Basi mkoa wenye wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo ndio unaofanya vizuri?

Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara. Marekani ni mfano mzuri. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa rais wa wakati huo, alitangaza hadharani kuwa ana saratani ya matiti. Wanawake wakamiminika kupima, na takwimu za ugonjwa zikapanda ghafla. Hakuna kilichobadilika katika miili yao, walikwenda tu hospitali.

Kisha mamografia zikaenea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha miaka ya 1976 hadi 2008 kwa wanawake wa Marekani wenye miaka 40 na kuendelea. Wagonjwa wa hatua za mwanzo walipanda kutoka 112 hadi 234 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Ungetegemea wa hatua za mwisho wapungue kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu wamewahiwa. Walishuka kutoka 102 hadi 94 tu. Maana yake sehemu ya waliogunduliwa, wakiwemo wengi wa hatua sifuri, walikuwa na mabadiliko ambayo yasingewasumbua maisha yao yote. Ni kiasi gani, wataalamu wanabishana mpaka leo.

Kwa hiyo vipimo ninavyoviamini zaidi ni viwili kwa pamoja: kati ya waliogunduliwa, ni sehemu gani wako hatua ya kwanza na ya pili, na je, idadi ya wanaofika hatua za mwisho inashuka mwaka hadi mwaka? Hicho cha pili hakidanganyi kirahisi. Na niseme wazi, tatizo la Marekani la kugundua kupita kiasi si tatizo la Chamwino wala Chemba. Asije mtu akatumia mfano huu kukwepa kwenda kupima uvimbe anaoushika kwa mkono.

Duniani tofauti hii ni kubwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2024 ambayo mimi huirudia kila ninapopata nafasi. Katika nchi zenye maendeleo ya juu sana, mwanamke 1 kati ya 12 atapatikana na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 atakufa kwayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, ni 1 kati ya 27 tu atakayepatikana nayo, lakini 1 kati ya 48 atakufa. Wanagunduliwa wachache na wanakufa wengi.

Mwaka 2021 shirika hilo lilianzisha mpango wenye malengo matatu: angalau asilimia 60 ya saratani za matiti zinazopenya, yaani zilizokwisha kutoka nje ya mirija ya maziwa, zigunduliwe hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu.

Na sisi Tanzania tuko wapi?

Mbali na hapo. Tafiti za hospitali nchini zimekuwa zikionyesha kuwa takriban wanawake 8 kati ya 10 hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania baada ya ile ya shingo ya kizazi.

Kwa nini tunachelewa?

Sababu kubwa, ambayo haina uhusiano na ujinga, ni kwamba uvimbe wa saratani mwanzoni kwa kawaida hauumi. Mwanamke wa Bahi anayeamka alfajiri kuteka maji, kulima mtama na alizeti, na kulea wajukuu, hawezi kuacha shamba wakati wa mvua kwa ajili ya kitu kisichomuuma. Na mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Ukikosa kupalilia umekosa chakula cha mwaka. Anasema nitakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno uvimbe umekua.

Halafu kuna ngazi. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya kanda. Kila ngazi ina nauli yake, foleni yake na "njoo Jumatatu" yake. Zipo zahanati ambako uvimbe wa titi hupewa dawa ya kuua bakteria mara moja, mara mbili, mara tatu, bila mtu kuandika rufaa. Hapo lawama si ya mgonjwa kabisa. Yeye alikuja mapema.

Kinyama kikishachukuliwa, kinahitaji mtaalamu wa patholojia wa kukisoma, na hao ni wachache nchini. Majibu yakikawia, mama anarudi kijijini kusubiri, na wakati anasubiri jirani anamwambia kuna mganga Kondoa. Hofu ya kukatwa titi ni kubwa, na ya kuachwa na mume pia. Sijawahi kuona bango la Oktoba linaloizungumzia hiyo ya pili.

Tafiti zimeonyesha kuwa kuchelewa miezi mitatu au zaidi tangu kuona dalili hadi kuanza tiba hupunguza uwezekano wa kupona.

Zahanati yetu haina mamografia. Kuna maana ya kwenda?

Ipo, tena kubwa. Huko Mumbai, India, utafiti ulianza mwaka 1998 ukihusisha wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 hadi 64. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya waliofundishwa, bila mashine. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2021. Wanawake waliopimwa waligunduliwa wakiwa hatua za mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo hakukuonekana tofauti ya maana. Mikono iliyofundishwa inaweza kupatikana hata Itigi.

Mamografia yenyewe haisomeki vizuri kwa wanawake vijana, kwa kuwa matiti yao yana nyama nzito inayoficha uvimbe. Kwao utrasaundi husaidia zaidi.

Kujipima mwenyewe kila mwezi je?

Hapa nitawashangaza baadhi yenu. Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo walifuatiliwa. Nusu walifundishwa kujipima kwa utaratibu maalumu. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha vifo havikupungua, ila waliofundishwa walifanyiwa upasuaji mwingi zaidi wa uvimbe usio saratani. Kwa hiyo hakuna haja ya ratiba na kujilaumu ukisahau. Yafahamu matiti yako unapooga, ujue kawaida yake, na likitokea jipya usilinyamazie.

Jipya ni lipi?

Uvimbe au kigumu kwenye titi au kwapa, hata kisichouma. Ngozi kubonyea ndani au kuwa na vishimo vishimo. Chuchu iliyoanza kuingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo. Majimaji au damu kutoka kwenye chuchu. Titi moja kubadilika umbo, kuwa jekundu, au kidonda kisichopona. Vimbe nyingi za matiti si saratani, lakini huwezi kujua ni ipi kwa kuipapasa tu.

Mke wangu ananyonyesha, titi limevimba na kuuma. Muuguzi amesema ni jipu. Nitulie?

Baba, muuguzi huenda yuko sahihi, maana majipu ni ya kawaida kwa anayenyonyesha. Amalize dawa. Lakini kama baada ya wiki mbili uvimbe haujaisha, mrudishe na uombe apigwe utrasaundi. Wanawake wajawazito na wanaonyonyesha hucheleweshewa uchunguzi kwa sababu hii hii, kila badiliko huitwa maziwa kuganda.

Sidiria, simu ndani ya blauzi, manukato ya kwapa?

Hapana kwa yote. Pombe ndiyo, hata kiasi kidogo huongeza hatari, na mvinyo wa zabibu zetu hauna msamaha ati kwa sababu ni wa nyumbani. Unene baada ya kukoma hedhi nao huongeza. Kunyonyesha hupunguza. Wapo wanaorithi hatari kwenye ukoo, ila karibu nusu ya wagonjwa wote hawana sababu yoyote ya kuonyesha zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri. Wanaume pia huugua, wagonjwa wasiozidi 1 kati ya 100.

Nimeshika uvimbe leo. Nianzie wapi?

Anza zahanati au kituo cha karibu, lakini usiondoke bila jibu la swali hili: nikirudi hali ikiwa hivi hivi, mtaniandikia rufaa lini? Ngazi ya rufaa, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, mlolongo ni kupapaswa, picha, kisha kinyama. Mtu asikukate titi wala asikuanzishie dripu za saratani kabla kinyama hakijasomwa. Majibu hayo yaeleze pia kama saratani inakua kwa homoni, maana ikiwa hivyo kuna vidonge vya bei nafuu kama tamoksifeni ambavyo huhitajika kwa miaka mitano au zaidi baada ya upasuaji.

Ukihitaji mionzi, uliza mapema utapelekwa wapi na kwa muda gani, kwa sababu mionzi hutolewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na utahitaji pa kulala. Vituo vya siku nyingi ni Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imefanya safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam iwe ya takriban saa nne. Karatasi ya majibu ya kinyama ibebe mwenyewe, nakala moja ibaki nyumbani, na unapoandikishwa huko taja wilaya unayotoka, siyo mtaa uliofikia.