Linki ya C: inafunguka kwako tu

Wengi wanadhani ukiweka linki ya faili kwenye tovuti, ukaibonyeza ikafunguka, basi kila mtu ataipata. Sio hivyo aisee. Iangalie linki yenyewe, kama inaanza na file:///C:/Users/ halafu jina lako, hiyo inaelekeza kwenye kompyuta yako wewe, mwenzako wa Mwanza akiibonyeza itakuwa inatafutwa kwenye diski C yake yeye ambako faili halipo, na mara nyingi hata haitafutwi maana Chrome na Firefox zinakataa ukurasa wa mtandaoni kufungua faili za ndani ya mashine, utabonyeza mpaka uchoke, kimya tu. Na bora zikatae, kompyuta yako sio uwanja wa kila tovuti.

Kwako inafunguka kwa sababu hata ukurasa wenyewe umeufungua toka diski hiyohiyo.

Faili lipandishe kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) pamoja na ukurasa, linki iandike fupi tu, mfano nyaraka/ratiba.pdf. Ila cheki herufi, Windows kwa kawaida haijali Ratiba.PDF wala ratiba.pdf, seva nyingi zinatumia mfumo wa Linux na zenyewe zinajali herufi kubwa na ndogo, unakula 404, yaani ukurasa haupatikani. Mimi hiyo ilinimalizia jioni nzima, kumbe R kubwa tu.