Kabla ya Kuchimba Njia ya Watalii Mlimani, Fika Kwanza kwa Kamati ya Mipango

Malalamiko kuhusu njia mpya za watalii kwenye miteremko ya Mlima Elgon yanazidi kutufikia, hasa mvua zinapokolea. Mkulima amekuta migomba yake imekatwa. Jirani wa bonde la chini ameletewa tope hadi mlangoni. Vijana walioshika majembe kwa nia njema kabisa wameambiwa wasimamishe kazi. Tunajua wanatafuta riziki, na Sipi, penye maporomoko ya maji, imeonyesha kwamba mgeni anayetembea kwa miguu huacha pesa kijijini: kwa mwenye chumba, kwa mpishi, kwa anayemwonyesha jinsi kahawa inavyokaangwa. Njia tunazitaka, ila zipangwe.

Jibu tunalopewa kila mara ni, "Ardhi ni yangu, nani anizuie?" Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, na hakuna ofisa anayebisha. Lakini Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda yote kuwa eneo la mipango, vijijini sawa na mjini. Kumiliki shamba si kibali cha kuliendeleza upendavyo. Tumelieleza hili mikutanoni mara nyingi mno kuendelea kulisikia kama jambo geni.

Utaratibu ni huu. Kikundi kikae na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) pamoja na kila mwenye shamba ambako njia itapita, na ridhaa iandikwe. Kwa ardhi ya familia, tunashauri mume na mke watie sahihi wote wawili. Kisha mchoro, hata wa mkono, uonyeshe vijito, chemchemi, nyumba na sehemu zenye mteremko mkali, upelekwe kwa kamati ya mipango ya kaunti ndogo. Nakala apewe ofisa mazingira wa wilaya, ambaye ataeleza kama tathmini ya athari kwa mazingira inahitajika. Ombeni mgongewe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Kama mikahawa ya mtu itang'olewa, mnakubaliana fidia kwanza. Orodha ya viwango inayotunzwa na Bodi ya Ardhi ya wilaya ni msingi mzuri wa mazungumzo.

Sasa maji, maana hapa ndipo njia nyingi zinapoharibika. Njia iliyochimbwa moja kwa moja kutoka juu hadi chini hugeuka mfereji. Nyayo huacha kishimo, maji hukifuata, mizizi hubaki wazi, watu hukwepa utelezi kwa kukanyaga pembeni, na upana unaongezeka kila msimu. Pitisheni njia kwa kukata mteremko, ipinde-pinde, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe. Uso wake uinamie kidogo upande wa bonde ili maji yavuke badala ya kuifuata. Njia za mkato zizibwe kwa miti. Mkiona ufa ardhini, msiufukie mkaendelea. Ondokeni hapo na mtoe taarifa siku hiyohiyo.

Nametsi huko Bududa mwaka 2010 na Bulambuli mwaka 2024 ziliporomoka kwa sababu ya mvua kubwa juu ya miteremko mikali. Hatusemi njia ya watalii ilisababisha. Tunasema mfereji unaoelekeza maji kwenye ufa unaongeza hatari kwa watu wanaolala chini yake.

Ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, mwenye mamlaka ni UWA (Mamlaka ya Wanyamapori Uganda), na kibali cha kamati yetu hakivuki mpaka huo. Asilimia 20 ambayo wanajamii huidai kwenye kila mkutano ni ya ada za kuingia hifadhini tu. Hupitia serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi kwa ajili ya miradi ya jamii. Haigawiwi mtu mmoja mmoja. Maporomoko ya maji ya Sipi yako nje ya hifadhi, kwa hiyo kiingilio chake hakihusiki na hesabu hiyo.

Kuhusu adhabu: sheria huandika faini kwa pointi za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000. Mtu akisoma "pointi mia" asidhani ni shilingi mia. Ni milioni mbili. Zaidi ya faini, unaweza kuamriwa kurudisha ardhi ilivyokuwa, kwa gharama yako.

Ombi likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Uamuzi wa kamati ya kaunti ndogo unaweza kukatiwa rufaa kwenye kamati ya wilaya; njoo na barua hiyo na mchoro uleule uliogongwa muhuri.