Mwelekeo wa mwezi wa mito: unatuambia nini sisi wa Bukavu na bonde la Ruzizi

Mwelekeo wa mwezi wa mito ni taarifa inayotolewa karibu na mwanzo wa mwezi. Inaeleza kama maji ya mto yatakuwa mengi, ya wastani au machache kuliko yalivyozoeleka katika mwezi huohuo, na kama ukame au mafuriko yananyemelea. Usiuchanganye na utabiri wa hali ya hewa wa kesho. Hautaji siku wala saa, na hautaji avenyu ambayo maji yataingia.

Msingi wake wote ni wastani. Wataalamu huchukua miaka 30, siku hizi 1991 hadi 2020. Kama ni mwezi wa Aprili, wanapanga Aprili zote 30 kuanzia ile yenye maji machache hadi yenye maji mengi, kisha wanazigawa mafungu matatu ya kumi kumi: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Ndiyo maana mwezi wa Agosti kijito kinaweza kukauka hadi mawe yakaonekana, na taarifa ikasema "wastani" bila kukosea. Agosti kwetu ni kiangazi, maji hupungua kila mwaka. Ukame wa mto ni pale yanapopungua kuliko Agosti nyingine.

Kisha kuna asilimia. Tuseme taarifa inasema: juu ya wastani 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Wengi wetu tukisikia hivyo tunashika ile 45 na kuitangaza mtaani kama ahadi. Lakini pasipo dalili yoyote, kila fungu lingepata kama 33, kwa hiyo 45 inaonyesha tu upande ambao mambo yameegemea. Na ile 20 maana yake ni kwamba katika miezi mitano yenye taarifa kama hiyo, mmoja utakuwa mkavu. Mkulima wa Kamanyola anayetaka kukopa pesa ya mbegu anahitaji kuijua hiyo 20 kuliko mtu mwingine yeyote.

Hesabu zenyewe zinatoka kwenye mambo mawili: maji yaliyopo tayari, na mvua itakayokuja. Ya kwanza hupimwa: kina cha ziwa, mto, unyevu wa udongo. Ya pili hukisiwa. Programu ya kompyuta inaendeshwa mara nyingi, pengine mara 50, kila mara na mvua iliyotofautiana kidogo, halafu inahesabiwa ni majibu mangapi yameangukia fungu lipi. Mvua ya siku kumi za kwanza hukisiwa vizuri kiasi. Baada ya hapo kinachobeba taarifa zaidi ni maji yaliyopo.

Hapo ndipo sisi wa Bukavu tuna bahati, kwa sababu Ruzizi inaanzia kwenye ziwa. Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba karibu 2,400. Likipanda sentimita moja tu, limeongeza maji ya mita za ujazo zipatazo milioni 24. Ruzizi inapotoka ziwani hubeba kama mita za ujazo 100 kwa sekunde, yaani milioni 8.6 kwa siku. Kwa hiyo sentimita moja ya ziwa ni karibu siku tatu za mto, na sentimita kumi ni karibu mwezi mzima. Anayejua kina cha ziwa mwanzoni mwa mwezi ameshajua sehemu kubwa ya maji yatakayofika kwenye mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II, na kwa hiyo sehemu ya umeme wetu. Ziwa halipandi wala kushuka kwa usiku mmoja.

Vijito vya milimani ni habari nyingine kabisa. Kahwa inapita katikati ya mji, kati ya nyumba zilizobanana, na mvua ya saa mbili juu ya Kadutu inatosha kuijaza. Mifumo ya dunia nzima kama GloFAS ya Umoja wa Ulaya, inayotoa mwelekeo wa mito bure, haioni kijito cha namna hiyo. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, vijito vilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, vikaua watu zaidi ya 400. Taarifa ya mwezi, hata ingekuwa sahihi kabisa, isingeweza kusema "Alhamisi". Kazi hiyo ni ya tahadhari ya saa chache, yenye vipimo vya mvua juu mlimani na mtu wa kupiga kengele huku chini.

Uvira imeonja mafuriko ya aina zote mbili. Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja nyumba kwa ghafla. Mwaka 2024 ilikuwa Ziwa Tanganyika lenyewe, likipanda polepole hadi likaingia mitaani, Uvira na Kalemie na Bujumbura pia. Kwa ile ya kwanza, mwelekeo wa mwezi ungesaidia kidogo sana: udongo umeshashiba, kaeni macho, zibueni mifereji. Kwa ile ya pili ungesaidia sana, kwa sababu familia inapata wiki nzima nzima za kuhamisha vitu, na soko linapata muda wa kutafuta mahali pengine.

Ukame nao hauji wote kwa pamoja. Kwanza mvua inakatika, kisha udongo unakauka na maharagwe yanaanza kunyauka, na mto na ziwa hufuata baadaye sana. Katika uwanda wa Ruzizi, kuanzia Luvungi hadi Sange, shamba linaweza kuwa limeungua huku mto mkubwa ukiwa bado "wastani", kwa sababu unalishwa na ziwa lililo mbali juu. Ukiisoma taarifa, angalia inazungumzia ukame upi.

Na angalia pia inazungumzia mto upi. Mahali ambapo hakuna anayepima maji, kompyuta inakisia hata yale yaliyopo tayari, si mvua ijayo tu. Kama ningeulizwa pesa ya kwanza iende wapi, ningesema iende kwenye vijito vinavyoshuka uwandani kutoka milimani: mti wa kupimia maji uliosimikwa kando ya daraja, na mtu wa hapohapo anayelipwa kuusoma asubuhi na jioni, masika na kiangazi.